Mlangilangi wangu umetoa maua kwa mara ya kwanza, na jirani ndiye aliyeisikia harufu kabla yangu

#1 Mwenye Kitalu (mleta uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi, na hamjambo nyote.

Nipo Tanga. Nina kitalu cha miche kando ya barabara: miembe ya kubebesha, mistafeli, michungwa, miashoki ya uzio, mawaridi ya kwenye makopo. Miti ndiyo kazi yangu, na ndiyo ada ya shule ya watoto. Ila kuna mmoja uani kwangu ambao sijawahi kuuwekea bei, na wiki hii umetoa maua kwa mara ya kwanza tangu niushike ukiwa punje. Ni mlangilangi. Nimeungoja miaka mitano. Mnivumilie, nitaandika kirefu.

Mama yangu ni mtu wa Wete, Pemba, na mimi nimekulia huko mpaka nilipomaliza darasa la saba. Nyumbani kulikuwa na mlangilangi mkubwa karibu na kisima, shina la kijivu, matawi yameinama kama yanataka kuchota maji. Alfajiri, kabla jua halijapiga, mama alikuwa akitandika kanga chini ya mti na kuyaangua maua kwa kigoe. Machache yaliingia kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake, pamoja na asumini na mrehani. Machache yalitiwa kwenye chupa ya mafuta ya nazi, chupa ikaachwa juani siku kadhaa. Yaliyobaki yote yalikwenda kwenye kasha la nguo. Sare yangu ya shule ilitoka kwenye kasha lile. Wenzangu darasani walinukia sabuni, mimi nilinukia langilangi, na mpaka leo nikiisikia harufu ile naiona kola ya shati langu jeupe.

Mti ule ulianguka kwa upepo zamani, mimi nikiwa nimeshahamia bara. Kilichobaki ni mtoto wake mmoja, uliojiotea wenyewe nyuma ya jiko, nadhani ndege ndio waliotupa mbegu. Mwaka 2019 nilikwenda kumtazama mama. Siku ya kuondoka, nimeshafunga mkoba, akanitilia mkononi kiberiti. Ndani hamna njiti, mna punje 14. Bapa, rangi ya kahawia, zina vishimo vidogovidogo kama zimedungwa sindano. Akaniambia, "Wewe unauza miti ya watu. Na wewe uwe na wako."

Nikaziloweka usiku mmoja, nikaziatika. Wiki ya kwanza kimya, wiki ya tatu kimya. Mbegu ya mlangilangi haina haraka. Wiki ya saba likachomoza jani la kwanza, na mwisho wa yote ikaota mitatu tu kati ya kumi na nne.

Hapa nieleze kosa nililolifanya, kwa sababu nimeliona kwa watu wengi. Miche miwili niliiotesha kwenye kopo fupi la maziwa ya unga. Mlangilangi unashusha mzizi mkuu mrefu mapema kabisa, na mzizi ule hautaki kuguswa. Nilipoihamisha, mizizi ilikuwa imejizungusha chini ya kopo, nikaikunjua, mmoja ukakatika. Miche yote miwili ikanyauka ndani ya siku kumi. Mche wa tatu ulipona kwa sababu makopo yalikuwa yamenikwisha, nikautia kwenye kipande kirefu cha mwanzi. Masika ya 2020 nikaupasua mwanzi taratibu nikauweka mche ardhini, udongo wake wote umeushika kama kitumba cha mkaa. Haukujua hata kama umehamishwa.

Niliupanda pembeni, karibu na ukuta unaotutenganisha na jirani, mahali panapopata jua la asubuhi. Mbuzi akala majani yote mwaka huohuo. Ukachipua. Mwaka 2022 kusi likauvunja kilele. Mti huu mbao yake ni laini, tawi linakatika kama muhogo. Nilisimama pale na kile kilele mkononi, kimo cha mtoto wa miaka kumi, nikakaa kimya siku nzima. Mwaka uliofuata muuza pembejeo mmoja akaniuzia dawa ya maji, akaniambia nimwagie, maua yatatoka ndani ya mwezi. Nikamwagia. Majani yakaungua kingo, yakapukutika. Nikamwaga maji ndoo kwa ndoo wiki mbili kuisafisha ile ardhi. Tangu siku hiyo sikuupa kitu kingine ila samadi iliyooza na majani makavu kuzunguka shina.

Basi kila jioni nikifunga kitalu napita kuutazama. Natazama ncha za matawi, pale majani mapya yanapotokea, kwa sababu miti yangu mingi hapo ndipo inapotoa maua. Hakuna kitu.

Jumanne, baada ya isha, kagonga mlango mjukuu wa jirani. Ameshika sahani imefunikwa kawa, ndani mkate wa kumimina. Bibi yake ni mtu mzima wa Pangani, mjane, mstaarabu sana, hana mazoea ya kuombaomba. Mtoto akasema kama alivyotumwa:

"Bibi anasalimia, anauliza langilangi mtampa lini."

Nikamwambia, "Mwambie bibi shikamoo, mti haujatoa bado. Ukitoa, la kwanza ni lake."

Mtoto akaganda pale mlangoni. Akasema, "Bibi anasema umetoa. Leo usiku wa nne."

Nikavaa kandambili nikamfuata. Nikapiga hodi, nikakaribishwa. Bibi ameketi kwenye jamvi uani kwake, taa amezima. Hakusema neno. Alinyoosha kidole juu tu.

Jamani. Tawi moja limevuka ukuta limeingia kwake, nami sijawahi kulitazama kutoka upande ule. Nikawasha tochi ya simu. Maua hayakuwa kwenye ncha. Yalikuwa nyuma, kwenye sehemu ya tawi iliyokwisha kukomaa, yananing'inia kwenye vikonyo vifupi visivyo na jani. Saba yameiva, rangi ya manjano. Na kuyazunguka yapo mengine mengi ya kijani, rangi ileile ya majani, yamejikunja, nami kwa upande wangu nilikuwa nikiyaona mwezi mzima nikidhani ni majani machanga.

Nikalivuta tawi. Ua lina petali sita, ndefu, nyembamba, zimelegea na kupindapinda kama vipande vya utepe uliolowa. Katikati pana kitufe kidogo, na chini ya petali, pale zinaposhikana, pana baka jekundu, kama mtu amegusa na kidole chenye hina. Na harufu yake! Kuna asumini ndani yake, kuna ndizi mbivu, na kwa mbali kuna kitu cha karafuu. Kusi lilikuwa linavuma, linatoka kwangu linakwenda kwake. Siku nne mti wangu unanukia, na mimi nimelala upande wa juu wa upepo.

Nikachuma moja nikampa bibi kwa mikono miwili. Akalinusa, akalitia kwenye pindo la mtandio, akafunga fundo. Akasema, "Toka niolewe sijalala na harufu hii." Nami sikuweza kujibu, nikaaga.

Mke wangu nilimwamsha. Watoto niliwaamsha. Saa nne usiku tumesimama wote chini ya ukuta vichwa juu.

Mlio na mlangilangi, au mliowahi kuwa nao, karibuni tuzungumze. Na nina maswali mawili. La kwanza, nipogoe au niuache? La pili, nataka kumpelekea mama maua Wete kwa boti. Nimejaribu kulifunga moja kwenye karatasi, asubuhi limekuwa jeusi lote. Mnasafirishaje?

#2 BintiMvita

Hongera sana kaka, na hongera kwa bibi wa jirani. Nimesoma huku nimekaa kwenye matatu, nikapitiliza kituo.

Sisi Mombasa langilangi tunalijua kwa vikuba. Nyanya yangu alikuwa akitunga jioni, asumini zikiwa bado hazijafunguka, anazipanga na mrehani na kipande cha mkadi, langilangi anaweka katikati. Alikuwa na sheria yake: langilangi haliguswi na kucha. Unalishika kikonyo, petali huzigusi kabisa, kwa sababu palipoguswa panakuwa peusi. Nadhani jibu la swali lako la pili limo humo. Karatasi ndiyo iliyolibana.

Sisi tulikuwa tukifunga hivi: jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika, ukaliacha lipoe, unalikunja kama mfuko, unatia maua bila kujaza, unafunga mdomo na uzi hewa ikiwa ndani. Unaweka juu ya mzigo, si chini.

Na nikuulize, kwenu mnajua kilua? Nyanya alisema langilangi ni mgeni, aliyekuwepo kabla yake ni kilua. Alikuwa akiletewa kutoka vichakani, vidogo tu, amevifunga kwenye kitambaa. Harufu yake inakaa kwenye nguo kuliko marashi ya dukani.

#3 Mwalimu wa Mimea

BintiMvita, nyanya yako alikuwa sahihi kabisa, tena kwa namna ambayo huenda hakuijua.

Mlangilangi kwao ni Asia ya Kusini-Mashariki, Ufilipino, Indonesia na pande hizo. Hata jina lenyewe tumelipokea kutoka huko, Wafilipino kwa Kitagalogi wanauita ilang-ilang. Lakini mkilua ni wa kwetu, ni mti mdogo wa vichaka vya pwani ya Kenya na Tanzania. Na mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouandika rasmi kwa wanasayansi, aliuita Mkilua fragrans. Hakutafuta neno la Kilatini la jenasi, yaani jina la kwanza la mmea, alichukua neno la Kiswahili lilivyo. Kwa hiyo mtu wa Japani au Brazili akiutaja mmea huu kwa jina la kitaalamu, anasema mkilua, kama nyanya yako. Kila mwaka nikifika somo la majina ya mimea naanza na mfano huu, na kila mwaka wanafunzi wanakaa wima.

Kingine kitakachomfurahisha mleta uzi: mlangilangi na mkilua ni ndugu. Wote ni wa ukoo wa mstafeli na mtopetope. Na ile miashoki ya uzio unayouza ni ukoo huohuo. Mkuu, kitalu chako kimejaa shangazi na wajomba wa huo mti wako.

#4 Kilimo Uani

Hongera mkuu. Mimi nipo Dodoma, bei ya mche shilingi ngapi na utaota huku?

#5 Mnzuani

Salaam. Mimi ni mtu wa Komoro, kisiwa cha Nzuani, naishi Dar es Salaam mwaka wa tisa sasa. Nimeusoma uzi huu mara mbili. Sikutarajia kuona mtu anaandika hivi kuhusu mti ambao baba yangu alikuwa akiuita "shamba" tu.

Kwetu langilangi ni zao. Karafuu, vanila na langilangi, hivyo vitatu ndivyo tunavyouza nje. Mama yangu na mama zangu wadogo walikuwa wachumaji. Walitoka nyumbani giza bado, wamejifunga kikapu kiunoni, na jua likipanda wameshamaliza, kwa sababu harufu ni ya usiku na alfajiri, mchana inapungua. Sheria ya kuchuma ni ile uliyoiona mwenyewe bila kufundishwa: ua la kijani huligusi, halina mafuta ya maana. Unangoja liwe la manjano na baka jekundu litokee pale chini. Kutoka kufunguka mpaka kufika hapo ni wiki mbili au tatu.

Maua yakishachumwa hayalali. Yanakwenda kwenye mtambo wa kukenekea, yaani wa kuyatoa mafuta kwa mvuke, siku ileile, vinginevyo yanachacha. Moto hauzimwi mchana na usiku. Mafuta yanayotoka saa za mwanzo ndiyo bora, yanakingwa peke yake na bei yake ni ya peke yake, hayo ndiyo yanayokwenda kwa watengeneza manukato Ufaransa. Yanayofuata yanapangwa daraja la kwanza, la pili na la tatu. Kilo moja ya mafuta inataka kama kilo 50 za maua. Manukato ya Chanel No. 5, yaliyotoka mwaka 1921, yana langilangi ndani yake. Dada zangu wakubwa waliona chupa yake kwa mara ya kwanza kwenye gazeti, wakati mikono yao ilikuwa ikinukia kitu kilekile tangu utotoni.

Na gharama ipo pia, niseme kweli. Mitambo ile inakula kuni nyingi sana, na milima ya Nzuani imekatwa miti kwa ajili yake na kwa mengine. Vijito nilivyochezea vingine vimekauka.

Sasa swali lako la kupogoa. Ndugu yangu, umeniambia kusi lilivunja kilele mwaka 2022 ukahuzunika. Kwetu baba alikikata kile kilele kwa makusudi, kwa panga! Mti ukiuacha unapanda juu, mita kumi, kumi na tano na zaidi, na maua yanakwenda huko juu na popo. Mkulima anaukata ungali kijana, kimo cha mita mbili au tatu, halafu matawi ya pembeni anayavuta chini, anayafunga kwa kamba au kuyatundikia mzigo, mpaka yanaota yakiwa yamelala. Ukifika kwenye shamba la langilangi utaona miti mifupi, mipana, imepindapinda kama wazee wanaocheza ngoma. Wageni wanaiogopa. Lakini mwanamke anasimama chini na kuchuma kila ua bila ngazi. Upepo ulikufanyia kazi ya baba yangu. Na tawi lililovuka ukuta limevuka kwa sababu kilele kilikatika.

#6 Mwenye Kitalu (mleta uzi)

Mnzuani, niliposoma aya yako ya mwisho nilitoka nje nikaenda kuutazama mti upya.

Ni kweli. Pale ulipovunjika pamefunga, pana kovu jeusi, na chini yake yametoka matawi manne. Mawili yamekwenda ukutani. Maua yote yako kwenye hayo mawili. Miaka miwili nilikuwa nikipita pale naliona kovu nageuza uso. Leo nimeliwekea mkono.

Sitaupogoa basi, matawi nitayavuta tu. Nimeshafunga tawi moja la upande wangu kwa ukamba wa mnazi, nimetia kipande cha kitambaa lisikwaruzwe, na jiwe la uzito wa kilo moja linaning'inia. Nalishusha kidogokidogo, maana nimeshasema, unakatika kama muhogo.

Kilimo Uani, mche huo sina wa kuuza, na sitaki kukudanganya ili nipate hela. Mlangilangi ni mti wa unyevunyevu. Sisi Tanga tuna masika na vuli, na hata kiangazi hewa ya bahari ina maji. Dodoma mna kiangazi kirefu na upepo mkavu. Ukiwa na maji ya uhakika na kivuli cha mchana pengine utauona ukikua, lakini kila mwezi utakuwa unashindana na anga. Kwa uani wa Dodoma ningekupa asumini, itakushukuru.

BintiMvita, nimelijaribu jani la mgomba. Nimetia matatu. Asubuhi mawili yako vilevile, manjano, moja limepata weusi kwenye ncha, nadhani nililigusa. Boti ya Wete ni Ijumaa. Kilua nakifahamu kwa jina tu, nyumbani mama alikitaja. Sasa nimepata hamu ya kukitafuta.

Mwalimu, nimewasomea watoto habari ya mkilua. Binti yangu wa darasa la tano ameliandika jina hilo kwenye jalada la daftari lake la sayansi.

#7 Ugenini Maskati

Mwenye Kitalu, shikamoo. Wazee wangu walitoka Pemba mwaka 1964, mimi nimezaliwa huku Oman. Marehemu bibi alikuwa akisema "langilangi" kila akinusa marashi mazuri, lakini yenyewe hakuyaona tena mpaka anaondoka duniani. Sisi wajukuu tulidhani ni neno la Kiswahili la marashi. Leo kwa mara ya kwanza nimeelewa kuwa ni mti.

Je, kwenye chungu inawezekana? Huku kiangazi joto linapita digrii 40.

#8 Mwenye Kitalu (mleta uzi)

Marhaba mwanangu, na Mungu amrehemu bibi.

Joto pekee si tatizo kubwa kama ukavu na jua la mchana. Mti mkubwa kama wangu usijaribu, mzizi wake utakataa chungu. Lakini upo mlangilangi mfupi, wenye asili ya Thailand, unaishia kimo cha mtu au zaidi kidogo. Maua yake yana petali nyingi, zimejikunja kama nywele zilizosukwa zikafumuliwa. Unatoa maua ukiwa mdogo kabisa, na watu wanaufuga kwenye vyungu vikubwa. Uliza kwa wauza miti wanaoleta mimea kutoka Asia. Uweke barazani, jua la asubuhi tu, na udongo wake usikauke hata siku moja. Kisha angalia usiuziwe ule wa kutambaa, unaofanana kwa ua na harufu ya matunda mabivu. Utaujua kwa ndoano: kikonyo cha ua kina mkunjo mgumu kama ndoano, ndio unaoshikia ukipanda. Huo nao ni mzuri, ila si huu aliokuwa akiutaja bibi yako.

Ukiupata, andika hapa.

#9 Mnzuani

Ugenini Maskati, umenigusa. Kwetu pia wapo wazee waliokwenda Ufaransa na Mayotte wakabaki na neno tu.

Mleta uzi, mama amepata?

#10 Mwenye Kitalu (mleta uzi)

Wanajamvi, mrejesho.

Ijumaa alfajiri nilichuma 12. Yote ya manjano, yote na baka lake. Nilishika vikonyo tu, na mke wangu ndiye aliyeyapanga, ana vidole vyepesi kuliko mimi. Jani la mgomba, uzi, hewa ndani, kama BintiMvita alivyosema. Nikamkabidhi kijana wa mtaani kwetu anayekwenda kwao Wete. Nikamwambia ayapakate, asiyaweke sakafuni, yasikae juani. Akaniuliza ni dawa? Nikamfungulia kidogo anuse, akafunga mwenyewe, akayakumbatia kifuani.

Saa kumi na moja jioni mama amepiga simu. Maua tisa yamefika salama, matatu yamekuwa meusi. Hayo meusi hakuyatupa, ameyatia kwenye mafuta ya nazi. Tisa ameyatia kwenye kasha. Kasha ni lilelile, nimemuuliza. Kisha akaniuliza mti una kimo gani, umekaa upande gani wa nyumba, unapata jua saa ngapi, na kama nimeweka samadi ya ng'ombe au ya mbuzi. Nusu saa nzima tunazungumza mti. Akaniambia ule wa nyuma ya jiko mwaka huu haujatoa vizuri, umezeeka kwa kivuli, kwa hiyo mbegu zangu zikiiva nimrudishie.

Nikamwambia nitamrudishia 14, kwenye kiberiti.

Bibi wa jirani ametuma mjukuu tena jana. Safari hii hakuuliza maua. Aliona nimefunga jiwe kwenye tawi la upande wangu, akahofia nitalivuta na la kwake. Ujumbe wake: "Bibi anasema lile lililoingia kwake mliache lilikozoea."

Nimekwenda mwenyewe kumhakikishia. Tumelihesabu pamoja kwa tochi, yeye akihesabu kwa sauti: yaliyoiva 19, ya kijani tumeacha baada ya 40.